Timotheo Alikuwa Kijana, na Alikuwa Mgonjwa

Tafakari ya juma: 1 Timotheo 4:8–12, 5:23



Katika barua ya kwanza kwa Timotheo kuna mstari ambao wengi huukumbuka kwa sababu isiyofaa. Ni ule wa sura ya tano, Paulo anapomshauri msaidizi wake aache kunywa maji peke yake, atumie na divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na maradhi yanayomrudiarudia. Mstari huo hunukuliwa kwenye vilabu vya busaa kwa ufasaha ambao mimbari zetu hazijaufikia. Leo naomba tuiache divai kando, tumtazame mgonjwa.

Mgonjwa huyu ni kijana. Sura moja nyuma Paulo amemwambia asikubali mtu yeyote audharau ujana wake. Ni mchapakazi pia. Ameachiwa kanisa la Efeso, mji mkubwa wenye walimu wa uongo wa kukemewa na wajane wa kutunzwa, na kabla ya hapo amesafiri na Paulo kwa miguu na kwa merikebu. Ukimwona mtu kama huyo njiani huwezi kudhani anaumwa. Lakini alikuwa anaumwa, tena mara kwa mara.

Sasa angalieni Paulo anafanya nini. Efeso ndiko ambako, kwa mujibu wa Matendo ya Mitume 19, leso zilizougusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Listra, kwao Timotheo, ndiko alikomwinua kiwete ambaye hajawahi kutembea. Kwa kijana wake mpendwa angetuma leso. Hakutuma. Alimwandikia tiba ya kawaida ya siku zile, ya kutumia kidogo kidogo huku kazi ikiendelea, na wala hakumwambia kwamba imani yake ni haba.

Nayasema haya kwa sababu ya presha.

Huku kwetu, kuanzia Oyugis na Kendu Bay hadi Sori na Muhuru, presha ina sura yake inayojulikana: mama mnene wa miaka sitini, au mzee mwenye mawazo mengi ya shamba na kesi. Kijana anayevuta nyavu usiku kucha, anayekata miwa Awendo, anayeshuka kwenye mashimo ya dhahabu Macalder, anayecheza mpira kila jioni, huyo hahesabiwi. Yeye mwenyewe hajihesabu. Akipimwa kwa bahati tu, labda kwa kuwa amemsindikiza nyanya yake zahanati, na mashine ikasoma 160 kwa 100, atasema mashine ni mbovu. Ikirudiwa, atasema ni jua.

Kuna wakati ambapo angekuwa na haki ya kushangaa. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la Lancet habari za miaka yake miwili Kavirondo Kusini, wilaya ambayo ndani yake zilikuwamo Migori na Homa Bay za leo pamoja na Kisii. Wagonjwa wapatao 1,800 walilazwa katika hospitali yake, na hakupata hata mmoja mwenye presha ya juu. Alipima pia watu wapatao 1,000 na kuona kwamba presha haikupanda kadiri mtu alivyozeeka, kama ilivyokuwa Ulaya. Kwa wazee ilielekea kushuka. Babu zetu hawakuwa watakatifu kuliko sisi, na malaria na tauni ziliwaondoa wengi mapema mno, kwa hiyo sitaki tuzililie siku zile. Ninachotaka ni kijana asinijibu kwamba ndivyo tulivyoumbwa. Ukoo una sehemu yake, ndiyo, na mwenye mama au baba wa presha anapaswa kupimwa mapema zaidi. Lakini watu wa ardhi hii hii waliishi bila shida hiyo.

Ilikujaje? Miaka ya 1980 watafiti walioongozwa na Neil Poulter waliwafuata vijana Wajaluo wa miaka 15 hadi 34 waliotoka vijiji vya kaskazini mwa ziwa, ng'ambo ya ghuba yetu, wakaenda Nairobi kutafuta maisha. Waliwalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990: presha ya waliohamia ilikuwa juu kuliko ya wenzao tangu miezi ya mwanzo mwanzo. Uzito uliongezeka, moyo ulipiga haraka zaidi, na mkojo ulionyesha chumvi nyingi na potasiamu kidogo, ile madini tunayoipata kwenye mboga, ndizi na maharagwe. Hawa hawakuwa wazee. Walikuwa vijana wenye nguvu waliobadilishiwa sahani.

Na sahani ya Nairobi imetufuata nyumbani. Simama stendi ya Rongo jioni uone soseji, chipsi zilizonyunyiziwa chumvi mara mbili, na vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyonywewa kama maji mbele ya safari ya usiku ya bodaboda. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Akina mama, nanyi mnisamehe: hata magadi mnayotia kwenye mboga ya apoth ili ilainike, ile bala, ina sodiamu kama chumvi. Mboga yenyewe ni baraka tupu. Punguzeni mkono tu.

Mnaoniuliza juu ya mazoezi, Paulo amewajibu katika sura ya nne: yana faida, lakini faida yake ina mpaka. Kukimbia, kuendesha baiskeli na kucheza mpira hushusha presha kweli, na aliyekutwa nayo asiache, ila aanze kwa ushauri ikiwa iko juu sana. Kosa ni kuyafanya mazoezi kuwa kinga. Kijana mwembamba mwenye pumzi ndefu anaweza kuwa na figo mbovu asijue, na figo mbovu hupandisha presha. Vidonge vya maumivu kama diclofenac na ibuprofen, vinavyomezwa kila baada ya kazi nzito, navyo huipandisha. Pombe huipandisha. Ndiyo maana daktari mzuri akikuta presha kwa mtu wa miaka 25 haridhiki kuandika dawa tu, hutafuta chanzo. Mwambie pia kazi yako. Zipo dawa zinazopunguza kasi ya moyo, na mchezaji atahisi miguu mizito. Zipo zinazokojoza, na mtu wa juani atakaukiwa. Zipo zisizomfaa mwanamke mjamzito au anayetarajia mimba. Dawa haiko moja, na isiyokufaa hubadilishwa, haitupwi chini ya godoro.

Kipimo kimoja si hukumu. Keti kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo. Usipimwe umetoka kukimbia au kunywa kahawa. Mkono wa mvuvi ni mnene kwa misuli, na mkanda mdogo wa mashine huukaba ukatoa namba ya juu isiyo ya kweli, hivyo omba mkanda mkubwa. Ikirudia kusoma 140 kwa 90 au zaidi siku nyingine, hapo tusibishane tena.

Nafika mahali panaponiuma zaidi. Migori na Homa Bay tunajua kumeza dawa ya kila siku kuliko pengi Kenya. Virusi vya Ukimwi vilitufundisha kwa makaburi. Tulijifunza kwamba mtu anaweza kuonekana mzima na bado akahitaji tembe yake kila siku, na kwamba maombi na dawa havigombani. Kuanzia mwaka 2013 mradi wa utafiti ulioitwa SEARCH, wenye jamii 32 za Kenya na Uganda zikiwamo za kaunti zetu hizi mbili, ulipima virusi, presha na sukari katika kambi za afya za vijijini. Baada ya miaka mitatu, katika jamii zilizopewa huduma zaidi, asilimia 47 ya wenye presha walikuwa wameidhibiti, dhidi ya asilimia 37 kwingine. Ni hatua, ingawa ina maana kwamba hata pale palipofanywa vizuri zaidi, zaidi ya nusu walibaki nje.

Kwa nini somo tulilolijua halikuhamia kwenye presha? Sababu moja ni pesa: dawa za virusi zilitolewa bure, za presha mara nyingi hununuliwa. Sababu ya pili ni aibu. Kijana huficha tembe zake za presha ili wenzake wasidhani ni zile nyingine. Hapo Kanisa lijitazame, maana ikiwa kufananishwa na ndugu anayeishi na virusi bado ni tusi kati yetu, hatujamaliza kutubu. Sababu ya tatu ni kwamba presha haiumi. Aliyeombewa husema amepona kwa kuwa hasikii kitu. Lakini hakusikia kitu tangu mwanzo. Anayeacha dawa bila kupimwa hana ushuhuda wa kutoa, ana bahati tu, na siku bahati ikiisha ni kiharusi. Ndipo ukoo huanza kumtafuta aliyemroga.

Halafu tunachanga. Kijana akianguka kwa kiharusi, jumuiya huleta hema, viti, ng'ombe na gari la maiti, bila kuombwa mara mbili. Sijaona jumuiya ikichangia tembe zake za mwezi alipokuwa hai, ingawa ni pesa kidogo mno kando ya gharama za matanga. Naliita jambo hili kwa jina lake: ni dhambi ya kutotenda.

Kwa hiyo, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, nawaomba mambo mawili juma hili. Tangu mwaka 2023 serikali imegawa mabegi ya vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini, na ndani ya begi mna mashine ya kupima presha. Mwalikeni mhudumu wa kijiji chenu kwenye sala ya jumuiya, apime kila aliyefikisha miaka 18, wachezaji mpira na waendesha bodaboda wakitangulia. Na atakayepatikana na presha, mwekeni kwenye mfuko wa jumuiya kuanzia mwezi huu.