Kamera kwa Mteja, Fagia kwa Mtoto

Sisi wa Gikomba tunajua: robota likifunguliwa alfajiri, kamera, zile nguo za kwanza safi, huondoka mapema. Jioni inabaki fagia, ya kumwaga chini kwa bei ya kutupa.

Binti yangu ana miaka tisa. Nilikuwa nimemwahidi Uhuru Park, bustani ya umma tangu 1969: kupanda boti, kubembea. Siku ilipofika nikaipanga kama naenda kuchukua mzigo. Saa tatu boti, saa nne bembea, saa sita picha, saa nane niwe kibandani. Ndani ya boti nikapokea simu mbili za wateja. Akaniuliza, "Mama, tunakimbizana na nani?"

Nilidhani kumlipia ndiko kumpenda. Na kulipa nililipa, hata aiskrimu. Lakini muda niliompa ulikuwa fagia.

Je, kufunga kibanda siku nzima na kodi ya nyumba inangoja si uvivu? Soma Marko 6:31. Watu walikuwa wengi hata wanafunzi hawakupata nafasi ya kula, na bado Yesu aliwaita kando wapumzike. Kweli, umati uliwafuata hukohuko, wala hakuufukuza. Ila hakungoja kazi iishe ndipo awaite.

Likizo ya Agosti tutarudi. Simu nitamwachia jirani wa kibanda. Ratiba sina, binti ndiye atachagua, na akitaka tukae tu kwenye nyasi mpaka jioni, tutakaa. Chapati tutabeba za nyumbani.