Madai ya Msomaji kwa Kitabu cha Kwanza

Mapenzi ya msomaji kwa mwandishi hayana tofauti kubwa na mapenzi mengine: huanza kwa shukrani, na yasipoangaliwa huishia kwa madai. Mtu husoma kitabu kimoja akakiona kimesema lile ambalo moyo wake ulikuwa ukilitafuta bila ya kulijua jina. Kisha huvisaka vitabu vingine vya mkono uleule. Katika msako huo hukifikia kitabu cha kwanza, kilichoandikwa katika ujana wa mwandishi, akakifungua kwa hamu na kukifunga kwa huzuni. Swali linaloamka hapo ni la maadili kabla ya kuwa la uhakiki: je, msomaji huyo amedhulumiwa, au yeye ndiye anayetaka kudhulumu?

Mfano wa jambo hili upo karibu. Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe, kisiwa kilichomo katika ziwa lile lile linalogusa nchi ya Geita. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971, naye hajatimiza miaka 30. Nagona ilitoka mwaka 1990, na Mzingile mwaka 1991. Nagona ni kitabu chembamba kisichofuata njia iliyonyooka ya kisa. Msafiri wake huutafuta ukweli, na msomaji hana budi kuutafuta pamoja naye. Mwanafunzi aliyeonja fumbo hilo katika chuo kikuu, akaenda kufundisha Shinyanga au Geita na kuifungua Rosa Mistika, hakuti fumbo. Zakaria ni baba mlevi na mkali. Humbana binti yake asikaribiane na wavulana. Binti afikapo shuleni, mbali na macho ya baba, uhuru humlevya. Maafa hufuatana mpaka msichana hujiua. Msimulizi naye hakawii kusimama kando ya kisa na kuwaonya wazazi. Mwalimu kijana hukiweka kitabu chini na kusema, "Huyu siye."

Neno hilo lina ukweli, na haifai ukweli huo ufichwe. Maafa yamerundikwa kuliko hadithi iwezavyo kuyabeba, na mafundisho huja kabla msomaji hajapewa nafasi ya kujifundisha. Kuzisifu ila kwa sababu ya jina lililo juu ya jalada ni kujipendekeza, si mapenzi. Asifuye kila kitu hajasifu kitu.

Lakini neno lilo hilo lina dhuluma pia. Humdai kijana deni lililoahidiwa na mtu mzima. Mwaka 1971 Kezilahabi hakuwa amemwahidi mtu yeyote Nagona. Mfuatano wa kusoma si mfuatano wa kuandika, na mwenye kuuchanganya hudanganyika. Kufikirika ya Shaaban Robert iliandikwa katika miaka ya 1940, ikachapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Aliyeipokea kama neno la mwisho la mzee alipokea kazi ya mtu wa makamo. Hata waandishi huzionea haya kazi zao za awali. Nathaniel Hawthorne wa Marekani alitoa Fanshawe mwaka 1828 bila ya jina lake, kisha akajitahidi kuziangamiza nakala. Mwandishi akikikana kitabu chake hujihukumu mwenyewe. Msomaji akikikana humhukumu kijana ambaye hayupo tena kujitetea.

Kipo na kipimo kingine, kizito zaidi. Rosa Mistika ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha ikaruhusiwa. Mwaka uleule wa 1971 ilitungwa Sheria ya Ndoa iliyoruhusu msichana wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya mzazi. Mahakama ya Rufani ilithibitisha mwaka 2019 kwamba ruhusa hiyo inapingana na Katiba. Mlango wa shule kwa wasichana waliojifungua ulifunguliwa Novemba 2021. Shinyanga ni mkoa uliotajwa mara nyingi kwa ndoa za utotoni. Mwalimu akionaye kitabu hiki kuwa chepesi hukisoma akiwa salama. Msichana wa dawati la mbele, ambaye huenda amekwisha kusikia akihesabiwa ng'ombe, hakisomi hivyo. Kwake uwazi ule si upungufu wa sanaa. Ni mtu kusema hadharani jambo ambalo nyumbani husemwa kwa fimbo. Huzuni ya mtaalamu ni ya kweli, lakini si hukumu ya mwisho.

Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama wana desturi ifaayo kutazamwa. Jiwe husagwa katika karasha, hupitishwa katika mwalo, na dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Mchanga ubakio huitwa marudio, wala hautupwi, kwa maana zebaki huacha dhahabu nyingi nyuma. Mwenye mtambo wa sayanaidi huununua na kuitoa iliyosalia. Upungufu haukuwa wa mchanga peke yake. Ulikuwa wa njia pia. Hata hivyo mchimbaji hupeleka sampuli kupimwa kabla ya kulipa, wala hasemi kila fungu lina mali kwa kuwa limetoka katika shimo lenye sifa.

Basi msomaji mwadilifu ana wajibu wa pande mbili. Aseme ila za kitabu cha kwanza kwa majina yake. Na kabla ya kukihukumu aulize kiliandikwa na nani wa wakati ule, na kwa ajili ya nani. Akifanya hivyo, yamkini atakiona bado kina kasoro, na huzuni yake isiondoke. Lakini haitakuwa huzuni ya mdai aliyenyimwa haki. Atakuwa ameona mahali alipoanzia mtu aliyefika Nagona, na atakirudisha kitabu mikononi mwa msichana yule bila ya kumwambia mapema kwamba si kizuri.