Je, Ilikuwa Kiasi, au Ilikuwa Bando?

Mitaani kwetu nyaya za faiba sasa zinaning'inia kutoka nguzo hadi nguzo, na familia kadhaa katika ushirika wetu tayari zimeunganishwa. Leo siulizi kama waya uingie nyumbani au usiingie. Nauliza hivi: ile nidhamu tuliyokuwa nayo kabla haujaingia, ilikuwa yetu kweli?

Wacha nieleze. Hadi 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kupata intaneti ya kutoka nje. Mawimbi yalipanda karibu kilomita 36,000 angani, yakashuka tena, na bei yake ilikuwa ya kuumiza. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zikafika Mombasa. EASSy ikafuata 2010. Polepole tukafika hapa tulipo, waya mlangoni. Lakini kasi siyo badiliko kubwa. Badiliko kubwa ni namna ya kulipa. Bando la simu unanunua kwa kipimo. Faiba ya nyumbani unalipa mara moja kwa mwezi, na ukitumia kidogo ama usiku kucha, bei ni ile ile. Nilisoma biashara chuoni, na huko tulifundishwa kuuliza: kimoja cha ziada kinagharimu nini? Kama video ya pili ni bure, na ya kumi ni bure, basi bei haitakuambia simama.

Piga hesabu. Bando la megabaiti 50, kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde, linaisha kwa sekunde 40. Saa moja ya laini hiyo bila kupumzika ni gigabaiti 4.5. Kuna ndugu hapa ambao hizo zingewatosha mwezi mzima.

Sasa fikiria yule ndugu aliyekuwa anaweka simu kando saa tatu usiku na kuchukua Biblia, nasi tukamsifu. Huenda alikuwa na kiasi. Huenda bando lilikuwa limeisha. Kwa nje mambo haya mawili yanafanana kabisa. Mtu aliyekosa pesa ya pombe na mtu aliyeacha pombe wote wawili wanarudi nyumbani wakitembea wima. Tofauti yao inaonekana mwisho wa mwezi, mshahara ukiingia.

Ndiyo maana nampenda Danieli, na si yule wa simba tunayemkimbilia kila mara. Nampenda wa sura ya kwanza. Hakuwa na njaa. Chakula cha mfalme kilikuwa chake kila siku, bila kulipa, naye akaomba mboga na maji siku kumi. Kijana maskini aliyebaki Yerusalemu, ambaye hakuwahi kuiona ile meza, hatuwezi kumsifu kwa kutoila.

Wapo wazee wetu wanaosema dawa ni kukata waya. Siwacheki. Lakini huko ni kurudisha uhaba utufanyie kazi yetu. Tena waya unabeba mema: dada anayefanya kazi mtandaoni huku ananyonyesha, mwanafunzi anayetafuta mitihani ya miaka iliyopita, nyanya anayemwona mjukuu wake aliye Qatar bila picha kukwama.

Hata hivyo, upande ule mwingine wa waya kuna mtu, na yuko kazini. Mwaka 2017 Reed Hastings, aliyekuwa akiongoza Netflix, alisema wazi kwamba wanashindana na usingizi. Hiyo si njama, ni biashara. Anayelipwa kwa muda wako lazima aulize muda wako uko wapi, na zile saa nane za kulala anaziona zimekaa tu. Kipindi kikiisha, kinachofuata kinaanza chenyewe. Kusimama ndiko kunataka kidole.

Kijana mmoja aliniuliza: Pasta, mzazi akizima ruta saa nne usiku, si hiyo ni bando tu kwa njia nyingine? Swali zuri sana. Kwa mtoto, ndiyo, na haina ubaya, hata mche huwekewa kijiti. Kwa mtu mzima, nadhani inategemea nani aliamua na lini. Danieli alikata shauri moyoni, halafu ndipo akaenda kuongea na msimamizi. Nyumba ikikaa pamoja ikakubaliana saa, baba akiwemo, saa hiyo ni yao. Lakini mzazi anayezima ruta kisha anaingia chumbani na bando lake mwenyewe, watoto wanajua. Wanaona mwanga chini ya mlango.

Mkikutana kwenye vikundi vya nyumbani Jumatano, kabla ya maombi ulizaneni hili: wiki iliyopita ulikataa kitu gani ambacho kisingekugharimu hata shilingi? Wazazi waanze kujibu, vijana wakiwepo.