Sadaka ya Asiye na Shamba

Wengi katika sisi, wakisikia khatibu akitaja sadaka yenye kuendelea, huinamisha vichwa wakadhani ya kuwa maneno hayo ni ya matajiri, wenye kuwakifu nyumba na kuchimba visima. Ama maskini mwenye chumba cha kupanga, yeye atatoa nini? Dhana hii si sawa. Amepokea Imamu Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.) ya kuwa Muislamu apandapo mti huandikiwa sadaka kwa kila kiliwacho, awe ni mtu aliyekula au ndege, hata kwa alichoiba mwizi. Hakushurutizwa hapo kuwa na shamba wala fedha.

Na mche si lazima kuununua. Mkomamanga, mtini na mzabibu hushika kwa kijiti kilichokatwa katika mti mzima. Kata tawi lililokomaa, unene wa kalamu, urefu wa shibiri moja, lenye macho manne au zaidi. Ncha ya chini ikate mshazari, chini kidogo ya jicho. Ya juu ikate sawa, usije ukakipanda kichwa chini. Ondoa majani, kisha kifukie thuluthi mbili katika kopo lililotobolewa kitako, lenye udongo na mchanga. Kiweke kivulini, na udongo uwe na unyevu, usirowe. Hapa ndipo wengi waharibupo: baada ya majuma machache hutoka majani, mtu akafurahi, akaking'oa akihamishe. Kumbe majani yale yamelishwa na akiba iliyomo ndani ya kijiti, na mizizi bado! Kiache miezi miwili au mitatu. Mti huo utazaa matunda kama ya mama yake, na mbegu haina ahadi hiyo. (Mwembe usijisumbue nao kwa njia hii, huo hutaka kuunganishwa.)

Atasema mpangaji: "Nipande katika ardhi ya mwenzangu, nami kesho huenda nikaambiwa nihame?" Muombe ruhusa mwenye ardhi, upande. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha, katika aliyoyapokea Anas (R.A.), kulipanda chipukizi la mtende lililomo mkononi hata ikiwa Kiyama kinasimama. Ikiwa Kiyama si udhuru, notisi ya mwenye nyumba itakuwaje udhuru?

Wako na wenye miti wamnyimao jirani kijiti kimoja. Salman al-Farisi (R.A.) alipoandikiana na bwana wake kuununua uhuru kwa mitende 300, masahaba walimletea machipukizi, huyu 30, huyu 20, huyu 10, kila mmoja kwa uwezo wake, na Mtume akaitia mitende ile ardhini kwa mkono wake mtukufu.

Lakini kijiti ni cha kuombwa. Kupitisha kisu usiku katika mkomamanga wa mtu, au ulio katika wakfu wa msikiti, ni kutwaa mali isiyo yako. Msimamizi wa wakfu huonekana kila siku baada ya sala, na aulizwe.