Sauti za Mizimu na Chanzo cha Kujitambua: Unyamwezi na Nadharia ya Jaynes

Kujitambua ni uwezo wa mtu kusemezana na nafsi yake na kupima afanye nini. Mwanasaikolojia wa Marekani, Julian Jaynes, alidai mwaka 1976 kwamba uwezo huo una umri wa takriban miaka 3,000 tu. Kabla ya hapo, alisema, watu wa Mesopotamia, Misri na Ugiriki waliongozwa na amri zilizotoka nusu ya kulia ya ubongo, wakizisikia kama sauti za miungu au za wafalme waliokufa. Ushahidi wake mmojawapo ulikuwa Iliad, utenzi ambamo miungu huwaamuru mashujaa. Maandishi, biashara na uhamaji vilipowachanganya watu, sauti zilififia. Ramli ikawa njia ya kuzitafuta.

Unyamwezi, nchi ya Wanyamwezi katika Tanzania ya leo, unafaa kuipima hoja hiyo kwa hali yake ya karne ya 19. Wanyamwezi walimjua Mungu muumba, Likube au Limatunda, lakini shida za kila siku zilihusishwa zaidi na mizimu. Mizimu ya ukoo iliwagusa wazao wake; ya watemi, yaani watawala, iligusa nchi nzima. Mfumu, yaani mganga mpiga ramli, ndiye aliyetambua mzimu gani unadai nini, mara nyingi kwa kupasua kuku na kumchunguza. Chama cha Waswezi nacho kiliwakusanya waliopandwa na pepo.

Nchi hiyohiyo ilikuwa kitovu cha biashara ya mbali. Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke walipofika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwaka 1857, walikuta makazi ya wafanyabiashara Waarabu. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani, wakakutana na Uislamu na maandishi. Hata hivyo mizimu haikunyamaza, na misafara iliendelea kutumia waganga. Wapagazi haohao walipatana ujira wao, na Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alipanga vita na ushirika kwa hesabu makini.

Jaynes aliihesabu ramli na kupandwa na pepo kuwa mabaki ya hali ya kale. Lakini Unyamwezini kumsikiliza mzimu hakukuzuia tafakari: jibu la mfumu lilipimwa, na asiyeridhika aliweza kumwendea mwingine. Mwanafalsafa Ned Block alimkosoa Jaynes kwa kuchanganya kujitambua kwenyewe na dhana ya kujitambua. Mfano wa Unyamwezi unaipa nguvu hoja hiyo: utenzi kama Iliad, unaozijaza kurasa zake sauti za miungu, hueleza namna watu walivyoyasimulia maamuzi yao, wala hauthibitishi kwamba hawakuwa na nafsi ya kuyapima.