Mgeni Mbele ya Dhahabu ya Kilwa

Wahenga walituusia tutembee ili tuone. Hawakutuambia, tukishaona, tufanye nini na kile tulichokiona; pengine walidhani jambo hilo kila mtu atalijua mwenyewe. Sisi tuliolelewa Kilwa Kivinje, kisha tukatumikia serikali katika miji ya bara na ya pwani kwa karibu miaka thelathini, tulidhani hivyo pia, mpaka mpwa wetu aliporudi likizo kutoka Ulaya akatuuliza swali ambalo siku ile barazani hatukuweza kulijibu.

Kijana huyu anasomea uhandisi wa majenzi. Katika mapumziko ya chuo alijikusuru, akafuatana na wenzake kwenda kuutazama mji wa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, uliopo pale mto Tejo unapoelekea kuingia katika bahari ya Atlantiki. Alikwenda kama waendavyo wageni wote, kutembea na kushangaa. Alilitazama daraja kuu la chuma lililoning'inizwa kwa kamba za waya, lenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili. Lilipofunguliwa mwaka 1966 lilipewa jina la Salazar, aliyeitawala nchi ile kwa mkono wa chuma. Baada ya askari waliochoshwa na vita vya Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau kuiangusha serikali, likapewa jina la siku yenyewe ya mapinduzi, 25 Aprili.

Lakini kilichomfurahisha zaidi, na hapo ndipo tulipomwona ni mhandisi kweli, ni nyumba za mtaa wa chini wa mji. Tarehe 1 Novemba, 1755 tetemeko la ardhi, kisha mawimbi ya bahari, kisha moto, viliuteketeza mji ule. Walioujenga upya waliweka ndani ya kuta za mawe kiunzi cha mbao zilizopishana kama msalaba wa mshazari, kitu mfano wa tundu la ndege, ili ardhi itikisikapo nyumba ipinde wala isivunjike. Inasimuliwa kwamba walijaribu mfano wake kwa kuwaamuru askari watembee kwa kishindo kuuzunguka. Kijana akatukumbusha kwamba nyumba ya bibi yake kule Kivinje, ya miti, fito na udongo, nayo ina mbavu za namna hiyo, na kwamba hakupata kuiheshimu nyumba ile mpaka alipofika Lisbon. Tulilipenda neno hilo.

Akatueleza pia jinsi alivyosoma vibao vya mitaani akidhani anaota: meza yao ni mesa, bendera yao ni bandeira. Na mlangoni mwa kanisa akaliona neno igreja. Wajuzi wa lugha hutuambia kwamba kwa Wareno neno hilo ni nyumba ya ibada tu, bali kwetu liligeuka likawa gereza: kwanza ngome, halafu jela. Sisi watunzi wa mashairi tumelitumia neno hili mara nyingi katika vina, wala hatujapata kusimama tukajiuliza ni maisha gani yaliyowafanya babu zetu waisikie kanisa wakaelewa jela.

Siku ya mwisho wenzake walikwenda ufukweni, yeye akaingia katika Jumba la Taifa la Makumbusho ya Sanaa za Kale. Mle ndani mna monstransi, yaani chombo ambacho Wakatoliki huiweka Ekaristi ili waumini waione. Ni ya dhahabu na rangi za kung'aa, ina mitume kumi na wawili waliopiga magoti, kila mmoja na uso wake. Kazi hiyo hunasibishwa na sonara aitwaye Gil Vicente. Katika tako lake yamechorwa maandishi yasemayo kwamba Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, nayo ikamalizika mwaka 1506.

"Mjomba," alituambia, "nilisimama pale karibu saa nzima. Kitu kile ni kizuri mno. Nilikipenda. Je, nilikosea?"

Mzee mmoja jirani yetu akasema, "Umelipa kiingilio ili uonyeshwe mali ya babu zako!" Watu wakacheka. Kijana hakucheka.

Kisa chenyewe kinajulikana. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim kutoa dhahabu na kuukiri ubwana wa mfalme wa Ureno. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na jeshi, akauteka mji na kuupora, akajenga ngome. Dhahabu hiyo, basi, haikuwa zawadi wala biashara. Ilikuwa bei ya kutochomewa mji.

Wako watakaosema sonara hakuiba. Yeye alipewa dhahabu akafanya kazi yake, na uzuri ni wa mkono wake. Hoja hii ina nguvu, ila sonara alijua. Maandishi yanataja Kilwa kwa jina. Hayo yaliandikwa kwa kujivuna, ili dunia ijue nguvu za mfalme, lakini miaka zaidi ya mia tano imepita na majivuno yamegeuka kuwa ushahidi. Jina la daraja lilibadilishwa. Haya hayakubadilishwa, na sisi twaona ni heri. Mwivi aliyeandika jina la mwenye mali juu ya mali ni nadra kumpata.

Hata hivyo, mwenye mali ni nani? Hapa twaomba msomaji asiharakishe. Kilwa haina machimbo ya dhahabu. Dhahabu ilitoka nchi za juu za Zimbabwe, ikashuka hadi Sofala, nao wakubwa wa Kilwa wakatajirika kwa biashara hiyo na kwa ushuru wake. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliusifu mji wetu kwa uzuri wake. Alieleza pia kwamba Sultani wake alikuwa akiwashambulia watu wa bara na kuchukua nyara. Tukililia lile la mwaka 1502 tu na kulinyamazia hili, tutakuwa tumechagua machozi. Haya hayamsafishi da Gama hata kidogo. Yanatuzuia tu kusema "dhahabu yetu" kwa wepisi tuliousema pale barazani, ilhali wale waliochimba mashimoni hakuna aliyewataja, wala mfalme katika maandishi yake wala sisi.

Siku ya tatu ndipo tulipomjibu kijana kwamba hakukosea kukipenda kitu kile. Jicho haliombi ruhusa. Angelikosea kama angelipenda asisome, au angelisoma akageuza uso ili asipende. Yeye alifanya yote mawili, na uzito alioondoka nao ndio malipo yake. Kisha sisi nasi tukamuuliza: "Na Kisiwani umewahi kufika?" Akainamisha kichwa. Hakuwahi. Na tukiri ya kwetu: tangu tulipokuwa wanafunzi hatukurudi.

Tukavuka kutoka Masoko kwa mashua. Aliupima kwa hatua upana wa vyumba vya Husuni Kubwa, akatueleza kwamba vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali. Kwenye Gereza, ambalo sehemu kubwa tunayoiona leo ni kazi ya wakati wa Waomani, alikaa sana upande wa baharini. Magofu haya yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalihesabiwa kuwa hatarini, maana mawimbi yalikuwa yakila ufuko. Alihesabu hatua kutoka ukutani hadi kwenye maji, akaandika, akarudi akahesabu tena. Nahodha akatupigia kelele kwamba maji yanakupwa na mashua itakwama. Kijana akainua mkono kumwomba asubiri kidogo.