Nasaha kwa Watu wa Eldoret Wanaokwenda Lamu

Kila likizo ya shule ya Disemba, magari huteremka kutoka Eldoret kwenda pwani, na siku hizi wengi hawakomei Mombasa wala Malindi; wanafika hadi Lamu. Nafurahi waende. Kinachonikera ni habari zinazotufikia baadaye, na picha ambazo wenyewe wanazitangaza kana kwamba ni za kujivunia: kijana wa Uasin Gishu tumbo wazi mbele ya msikiti, msichana amekalia kaburi, kundi zima limetawanya chupa kwenye baraza ya mtu ambaye hawajamwamkia. Wanangu, nayaandika haya kwa kuwa nawapenda, na kwa kuwa nimechoka.

Anzeni na salamu. Huku kwetu, mtu akiwapita wazee bila kusema chamgei tunajua hakulelewa. Lamu ni vivyo hivyo. Njia ndefu inayopita katikati ya mji, ile wanayoiita Usita wa Mui, ni nyembamba, na wazee huketi kwenye baraza za mawe wakizungumza. Ukipita pale, umepita sebuleni mwao. Toa salamu, ngoja ujibiwe, ndipo uendelee. Ukitaka kuuliza njia, usianze na swali. Anza na hali zao. Na usimwite mzee kwa kumpigia mluzi au kumwambia “we buda”. Nimeyasikia kwa masikio yangu.

Mavazi hayahitaji maneno mengi. Funika mabega na magoti mjini. Nguo ya kuogelea ni ya ufuoni. Ninyi wanariadha, ufuo wa Shela una urefu wa kilomita kama 12 na mchanga wake unajenga miguu, kimbieni mpaka mridhike. Lakini mkirudi vichochoroni jifungeni kikoi.

Sasa nyumba za watu. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na wengi wakishasikia hivyo wanadhani kila mlango ni wa makumbusho. Itazameni nyumba ya Kiamu ilivyojengwa. Nje kuna daka, lenye viti vya mawe kulia na kushoto. Mgeni wa kawaida hupokelewa hapo. Ukivuka mlango, njia ya kuingilia inakata kona kabla ya kufika uani, ili jicho la mpita njia lisimfikie mama aliye ndani. Mafundi wa zamani waliiweka stara ndani ya mawe yenyewe. Halafu wewe, uliyefika jana, unasukuma mlango ulioachwa wazi kidogo na kuingiza simu ili upate picha ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani! Piga hodi. Piga mara tatu, usipojibiwa ondoka. Ukikaribishwa, vua viatu, na kaa unapoonyeshwa, si unapopenda.

Habari ya picha inaniuma zaidi, na nitasema kwa nini. Ninyi mnajua jinsi wageni wanaokuja Iten kufanya mazoezi wanavyotupiga picha barabarani. Kuna mmoja alinielekezea kamera nikiwa nimebeba kuni, nguo ya kazi mwilini, akaondoka bila hata neno. Sikujua picha ile ilikwenda wapi, na mpaka leo sijui. Kama nasi tunaona uchungu, tunawezaje kwenda kumfanyia hivyo mama wa buibui anayetoka sokoni? Mwombe. Akikataa, hata kwa kugeuza uso tu, amekataa. Usimpige kwa siri ukiwa mbali. Usimpe mtoto shilingi ili akae kwenye picha. Unamfundisha kuombaomba, na baba yake yuko hai. Watu wakiwa kwenye swala au mazishi, simu iingie mfukoni bila mjadala.

Punda mpishe. Kwa muda mrefu ndiye aliyekuwa gari la kisiwa kizima, akibeba mchanga, mawe na saruji, na ingawa pikipiki zimeshajipenyeza, bado mizigo mingi ni yake. Akija amebebeshwa, bana ukutani apite. Tangu mwaka 1987 kuna kituo cha kuwatibu punda pale mjini, kwa hiyo msiwapande kwa mchezo wawili wawili na kuwapiga fimbo mkidhani hakuna anayewahurumia. Hata Ugiriki kuna kisiwa, Hydra, ambako magari hayaruhusiwi na mizigo hubebwa kwa wanyama, na matajiri wanaofika huko na mashua zao hutembea kwa miguu bila kunung’unika. Heshima si utumwa.

Kelele. Hapa nitakuwa mkali. Nilipokuwa Lamu mara ya mwisho, nyumba ya pili kutoka tuliyolala ilikuwa na vijana wa huku kwetu. Niliwatambua kwa nyimbo zao. Walipandisha spika darini, wakaipiga usiku kucha. Dari za Lamu zimekaribiana kiasi kwamba jirani akikohoa unamsikia. Adhana ya alfajiri ilipolia, walicheka na kuongeza sauti. Asubuhi nikamwona mwenye nyumba wa upande ule, mtu mzima, anawaamkia kwa upole kama kawaida, wala hakuwagombeza. Niliona haya kwa niaba ya mama zao. Eldoret ilipopewa hadhi ya jiji Agosti 2024 tulishangilia, na ilistahili. Lakini mtu wa jiji asiyejua kunyamaza ugenini ni mshamba kuliko yule anayechunga ng’ombe Moiben. Uungwana ni vitendo. Pombe nayo, anayekunywa anywe mahali panapouzwa, asitembee na chupa mtaani.

Ramadhani usile njiani mchana. Ijumaa adhuhuri duka likifungwa, subiri.

Baharini, mwenye neno ni nahodha. Sisi watu wa milimani wengi hatujui kuogelea, na bado tunasimama ndani ya boti kutoka Mokowe ili tupigwe picha. Keti, vaa jaketi la kuokolea. Safari ya kisiwa cha Pate hupitia mkondo wa Mkanda, na maji yakipwa huenda boti likangoja yajae. Nimemwona mtu wa kwetu akimfokea nahodha kwamba tiketi inasema saa mbili, anataka kuondoka saa mbili. Bahari si matatu ya Eldoret kwenda Kapsabet. Wakati wa kusi wakikuambia leo hakuendeki, rudi ukalale.

La mwisho ni ardhi, na hili nawaambia hasa ninyi wenye fedha. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipofunguliwa Mei 2021, mgeni hajamaliza kunywa madafu ameshauliza bei ya ploti. Vile vilima vya mchanga nyuma ya Shela unavyoviona vitupu ndivyo vinavyochuja na kuhifadhi maji ya mvua, na visima vya mji vinakunywa hapo. Kujenga juu yake ni kuwanyima wenyeji maji ya kunywa, na wewe unayeoga mara tatu kwa siku kwa sababu ya joto kumbuka maji hayo yanatoka wapi. Tena Lamu ni mahali ambapo watu wengi wamekaa kwenye mashamba ya babu zao vizazi na vizazi bila hati, wakiwaona wageni kutoka bara wakija na hati mkononi. Sisi wa Uasin Gishu tunajua donda la ardhi. Ya baada ya uchaguzi, mwaka 2007 na 2008, tuliyaona kwa macho yetu. Basi dalali akikufuata gatini na karatasi, mwambie umekuja kutembea, ulipie chakula chako, na siku zako zikiisha upande boti.